Nati ya Gari la Mbele

Mtaani walimwita Mama Fimbo, na mgeni akilisikia jina hilo alidhani ni mwanamke wa kuchapa watu. Wala. Huyu mama hajampiga hata paka wa jirani. Fimbo yenyewe ilifungwa wima kwenye bampa la gari dogo aliloendesha mumewe, na gari hilo lilitangulia ile mizigo mikubwa ambayo ukikutana nayo barabarani unajua leo umekoma: matangi, mitambo, transfoma zenye upana wa barabara nzima.

Sheria za mizigo hiyo hazina mzaha. Inasafiri mchana tu. Jua likizama mnaegesha, hata kama kwenu ni pale mnapopaona. Ukungu ukishuka, mnasimama. Gari moja mbele, moja nyuma, bendera nyekundu, kimulimuli juu ya paa. Na lile la mbele lazima liwe na fimbo iliyozidi kimo cha mzigo kwa upana wa kiganja, ili kama kuna waya au daraja la chini, fimbo igonge kwanza na lori lisimame. Haraka haraka haina baraka, wanasema watu. Kwa hawa huo si usemi, ni masharti ya kibali.

Miaka kumi na moja mumewe aliendesha gari la mbele na yeye la nyuma. Walikuwa wakiongea kutwa kwa simu ya upepo, lori likiwa katikati yao, hata madereva wakawatania kwamba hao ndio wanandoa pekee wanaogombana kwa zamu. Kisha wiki sita zilizopita mume alijilaza mchana akisema kichwa kinamgonga, asiamke. Mtu wa barabarani miaka yote hiyo, akafia kitandani kwake, viatu viko mlangoni.

Mama Fimbo hakulia. Mazikoni watu walimtazama usoni wakasubiri, machozi hayakuja, na wifi yake akasema maneno ambayo hata mimi siyarudii. Haikuwa jeuri. Alikuwa amekufa ganzi. Alikula akiwekewa, alioga akikumbushwa, na chai ilimpoea mkononi kila siku. Bosi alipompigia kumuuliza kama ataliweza gari la mbele, la nyuma apewe dereva mwingine, alijibu ataliweza, kwa sauti ileile ambayo angesema hataliweza.

Siku ya safari, alfajiri na mapema, askari wa usalama barabarani alipima transfoma ikiwa juu ya trela: mita tano na sentimita kumi na tano. Fimbo ilikuwa mita tano kamili, kama marehemu alivyoiacha kwa mzigo wake wa mwisho. Kilichotakiwa ni kulegeza nati moja, kuvuta fimbo juu hadi mita tano na robo, kukaza. Kazi ya dakika mbili.

Akachukua spana, akainama kwenye nati, na hapo akasimama.

Mumewe alikuwa akikaza nati kana kwamba ana kesi nayo. "Unaikaza au unainyonga?" Mama Fimbo alikuwa akimuuliza. "Ilegee halafu unilaumu?" mwenzake alimjibu kila mara. Na akishakaza, lazima aipake grisi kwa kidole gumba, isishike kutu. Grisi ilikuwa bado ipo. Na alama ya kidole ilikuwa bado ipo, mistari yake yote, imekauka pale juu ya nati na vumbi jembamba limeikalia. Nguo zake ndugu walishagawana. Mashuka ya kitanda yalishafuliwa. Mama Fimbo aliitazama alama ile kwa muda, akairudisha spana chini ya kiti.

"Fimbo?" askari aliuliza, kalamu mkononi.

"Tayari," akasema.

Basi wakaondoka. Usimhukumu upesi, lakini pia usimtetee, maana aliyekaa ndani ya lile lori hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, baba wa watoto watatu, akimfuata kwa mwendo wa ng'ombe na kuamini kila alichoambiwa. Transfoma ikigonga boriti ya daraja, inang'oka kwenye minyororo yake. Ikianguka, haichagui.

"Shemeji, njia vipi?" sauti ilikuja kwenye simu ya upepo.

"Safi."

Waya wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Alisema neno hilo bila kulisikia. Saa nne wakakaribia daraja la waenda kwa miguu. Kibao kilisema mita tano na sentimita arobaini, lakini vibao hivyo huandikwa mara moja, na lami iliongezwa mara mbili tangu hapo. Barabara imepanda, kibao hakijui. Ndiyo maana ya fimbo.

Akapita chini taratibu. Fimbo haikugonga. Lakini kwa mazoea alitoa kichwa dirishani, akaangalia, na kati ya ncha ya fimbo na boriti aliona upenyo ambao mkono usingepita bila kukwaruzwa. Juu yake wanafunzi walikuwa wamejazana kwenye vyuma, wanangoja kuliona lori kubwa.

"Safi, shemeji?" simu ikauliza.

Akaibonyeza.

"Simama," akasema. Kisha tena, "Simama hapohapo, baba. Usije."

Breki zikapiga kelele ndefu. Shemeji alishuka, akaja kwa miguu akijifuta jasho.

"Imegonga?"

"Haijagonga. Fimbo ni fupi. Sikuipandisha."

Shemeji akaitazama fimbo, kisha akarudi kuitazama transfoma, akapiga hesabu yake kimyakimya, na uso ukamshuka. Alifungua mdomo amseme, na alikuwa na haki. Ndipo akaiona nati. Akainama. Akakaa pale ameinama muda mrefu kuliko nati inavyohitaji.

"Kaka," akasema tu. Akanyoosha mkono. "Lete spana, nifungue mimi."

"Hapana. Nitafungua mwenyewe."

Nati iligoma. Alivuta kwa mikono miwili, akaegemea kwa uzito wake wote, na mara ya tatu ikaachia. Alipotazama, alama ilikuwa imevurugika, grisi imehamia kwenye vidole vyake. Akapandisha fimbo hadi mita tano na robo, akakaza, akarudisha gari nyuma na kulileta tena chini ya daraja.

Ko.

Shemeji aliisikia sauti ile akashika kichwa, akatazama juu kwa wale wanafunzi, akatazama kiti chake cha dereva. Ingebidi warudi hadi njia panda wapite barabara ya zamani, siku nzima zaidi.

Mama Fimbo alikaa chini, juu ya lami, mgongo kwenye bampa, akavinusa vidole vyake. Vilinuka grisi, kama mikono ya mumewe ilivyonuka kila jioni miaka kumi na moja. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kilio cha wiki sita, huku msururu wa magari nyuma ya lori ukipiga honi wapishwe. Shemeji akachukua bendera nyekundu, akaenda kusimama katikati ya barabara, akawazuia wote.