Fundi Aliyekataa "Huenda"

Jarida lililokubali makala yangu kuhusu mafundi wanaotambua ubovu wa gari kwa sikio lilikuwa na sharti moja: kila fundi niliyemhoji asomewe matokeo, kisha atie sahihi. Bila sahihi zote nane, makala haitoki, na bila makala ningebaki mhadhiri msaidizi mpaka kustaafu. Mafundi saba wa mtaa wa Buyenzi walitia sahihi bila kusikiliza, mikono yao ikiacha oili kwenye karatasi. Wa nane, mzee wa gereji nyuma ya msikiti, alivuta kiti.

"Soma, profesa."

Sikuwa profesa, ila sikumsahihisha. Nikaanza kumfasiria Kifaransa changu: "Mshiriki wa nane aliweka zana ya chuma yenye mpini juu ya injini, akaelekeza sikio kwenye mpini huo, na kuripoti hisia za kusikia."

"Mushiriki wa nane ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Na zana ya chuma?"

"Turnevisi," nikasema, nikitumia jina lao la bisibisi.

Mafundi wake wakaacha kazi, wakasogea. Nikaendelea: "Matokeo yanaashiria kwamba huenda pampu ya maji ilikuwa na hitilafu."

"Apana!" Akasimama. "Huenda? Mi nilikwambia pompi imekufa. Tuliifungua, ukaishika na mikono yako!"

Nikamweleza kwamba sayansi ni adabu, kwamba mtafiti hasemi jambo kwa ukali hata akiwa amelishika mkononi. Bila "huenda," wahakiki wa jarida wangeirudisha makala.

"Basi we rudi nayo. Mutu akisikia mi nasema huenda, kesho gari yake iko kwa jirani."

"Jirani alishatia sahihi, baba," fundi mmoja akachokoza. "Yeye hana hakika tangu zamani."

Wakacheka wote isipokuwa sisi wawili wenye cha kupoteza. Nikamsihi. Nikataja miaka yangu ya kungoja cheo, jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata mkuu wa idara. Mzee akanitazama kwa huruma, akawasha teksi iliyokuwa pale, akaweka turnevisi kwenye injini na kunisukumia mpini sikioni.

"Unasikia nini?"

Nilisikia ngurumo, na moyo wangu. "Labda kuna kitu kinasagika... upande wa... huenda..."

"Ona! Huenda ni ya kwako. Andika ni ya kwako."

Nikaandika palepale, juu ya paa la teksi: "Fundi alisema pampu imekufa. Mwandishi, kwa upande wake, aliegemeza sikio kwenye injini na hakuweza kuthibitisha lolote." Akaomba nimsomee mara mbili, akatia sahihi kubwa kuliko zile saba zote.

Wahakiki wa jarida waliisifu sentensi hiyo kwa unyenyekevu wake wa kitaalamu. Ndivyo nilivyopandishwa cheo: kwa ushahidi ulioandikwa kwamba niliegemeza sikio kwenye injini na sikuelewa chochote.