Kemuma na Gundi ya Msonobari

Orpah Kemuma alipopata kazi katika kiwanda kidogo cha soda mjini Kisii, mwaka wa 1969, watu wa kwao mlimani Manga walidhani ataosha chupa. Kumbe alipewa chumba cha kuchanganyia. Kwa vile alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, chumba hicho kikaishinda kwa kelele hata mashine ya kuziba vifuniko.

Soda yao ya machungwa ilikuwa tamu, ila ilikuwa na aibu yake. Ikikaa dukani kidogo, mafuta ya maganda ya machungwa, yale yanayoipa harufu, yalipanda na kujikusanya shingoni mwa chupa kama pete ya manjano. Wauzaji wa Marani waliirudisha wakisema imeoza. Mama mmoja alimuuliza Kemuma kama kiwandani wanakaangia samaki humo humo.

Benard Okeyo, kijana wa kutoka pande za ziwa aliyesomea kemia, ndiye aliyesimamia uchanganyaji. Aliagiza kitu Nairobi, kikaja kwenye gunia: mabonge ya rangi ya asali, makavu, yenye kupasuka kama kioo.

"Hii ni sukari guru, Bwana Okeyo?"

"Onja, dada."

Kemuma akatia kipande mdomoni. Kikamnata menoni, na puani ikamjia harufu ya mbao zilizopigwa randa. Okeyo alicheka hadi akashika meza.

"Ni utomvu wa visiki vya misonobari," akamweleza. "Huko ng'ambo wanausafisha, halafu wanaupika na glisirini. Kwenye maji hauyeyuki, kwenye mafuta unayeyuka. Sasa mafuta yetu ni mepesi, ndiyo maana yanaelea. Tukiyatia gundi hii, yatapata uzito."

Mara ya kwanza waliizidisha, mafuta yakazama yote chini ya chupa.

"Angalau pete imehama," Kemuma akasema.

Wakapunguza, wakaonja, wakapunguza tena, mpaka chupa walizopanga dirishani zikabaki na ukungu wa manjano ulioenea sawasawa kutoka juu hadi chini. Soda ikapendwa. Marani wakaagiza zaidi.

Sabato moja, baada ya ibada, Kemuma aliwasimulia wenzake wa kanisani habari hizo kwa furaha. Mzee wa kanisa, Nehemiah Ondieki, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha sabuni Kisumu, alimsikiliza hadi mwisho.

"Na hiyo glisirini, mwanangu, imetoka kwenye mafuta gani?"

"Sijui, Tata."

"Maana glisirini hutolewa kwenye mafuta. Na mafuta mengine ni ya nguruwe."

Wasabato hawagusi nguruwe. Kemuma akaona haya. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumatatu hakugusa gundi, akamweleza Okeyo sababu.

"Dada Kemuma, mimi nguruwe nakula," Okeyo akamwambia.

"Wewe kula. Mimi sitawanywesha watu wangu kitu wasichokijua."

Okeyo aliacha mzaha. Alimwendea mwenye kiwanda, na mzee huyo, baada ya kunung'unika, akamruhusu apige simu Nairobi kwa wakala. Wakala naye hakujua, ikabidi aulize ng'ambo. Walipokuwa wakingoja, kiwanda kilitoa soda nyekundu peke yake, isiyohitaji gundi, na Kemuma akawa mtu wa kimya. Wenzake wakasema mashine ya vifuniko sasa inasikika.

Jibu lilipofika, Okeyo alipaza sauti tangu mlangoni: "Nazi! Mafuta ya nazi matupu!"

Sabato iliyofuata Kemuma alisimama mbele ya kanisa akawatangazia. Watu wakaitikia amina. Kisha bibi mmoja wa kiti cha mbele, Nyanchera, akauliza, "Nazi ndiyo mnyama gani?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Kemuma, ambaye mnazi wenyewe hakuwahi kuuona, alijaribu kuueleza kwa mikono: mti mrefu, hauna matawi, tunda lina nywele na maji ndani. Kadiri alivyoeleza ndivyo bibi alivyozidi kushuku.

Alifanya kazi kiwandani hapo hadi mwaka wa 1976, wakati huo akiwa ndiye msimamizi wa chumba. Lakini Manga wanachokumbuka ni ile nazi ambayo Okeyo aliagiza Mombasa, akaipandisha mlimani mwenyewe chini ya kwapa. Mzee Nehemiah aliipasua kwa panga, na Bibi Nyanchera akawa wa kwanza kunywa.

"Basi," akasema akijifuta kidevu, "mbona hamkutia hii tu kwenye chupa?"