Gari Lisilo na Mwenzake Singida

Jumanne nikiwa kituo cha mafuta hapa mjini, liliingia gari la umeme, kimya kabisa. Mzee aliyekuwa akiendesha akashusha kioo.

"Shikamoo, baba. Nijaze?" akauliza dada wa pampu.

"Marahaba. Halitumii mafuta hili, mwanangu. Nalichaji nyumbani."

"Kumbe! Yako mangapi humu mkoani?"

"Mwaka mzima natazama barabarani, Manyoni mpaka Kiomboi. Sijaona lingine."

"Sasa hapa umefuata nini, baba?"

Mzee akatazama usukani. "Tangu mke wangu afariki, nilikuwa naongea na watu hapa tu, nikija kujaza gari langu la zamani."

Dada akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo taratibu. "Basi uwe unakuja, baba. Vumbi la Singida haliishi."

Wauzaji wanayasifu magari haya kwamba hayana haja ya kituo. Dereva, je?