Padri Alivyotufundisha Neno "Curious"

Mwanangu, kuna Jumapili moja haijanitoka kichwani hadi leo. Nilikuwa msichana, baba yangu askari, nasi tulikuwa tumehamia Bwera, mpakani, kutoka kambi ya Kasese.

Kanisani nilimwona mama mmoja Mkongo aliyekimbia vita kule Beni. Alisimama nje, mtoto mgongoni. Watu walimpita tu. Mimi nikamwendea.

"Mama, mbona huingii?"

"Mutoto iko mugonjwa. Tangu jana anakataa kunyonya."

"Hujampeleka hospitali?"

"Sina karatasi. Naogopa watanifunga."

Nikamshika mkono, tukaenda. Njiani alinieleza yaliyompata mume wake, huku akilia. Hospitalini hakuna aliyemdai karatasi. Mtoto alikutwa na malaria kali, akalazwa papo hapo.

Baba aliponikuta pale alifoka. "Wewe ni curious sana! Mambo ya watu inakuhusu nini?"

Kwake, neno hilo la Kiingereza lilikuwa tusi, maana yake mdaku. Padri wetu, mzee Mkongo wa Butembo aliyekuja kuona wagonjwa, alimsikia.

"Afande," akasema taratibu, "hiyo neno ilitoka ku Kilatini. Cura ni kujali, ni kutunza. Zamani curious ilikuwa mutu wa kuangalia kitu kwa uangalifu. Nyuma yake wakaita vile kila mutu anapenda kujua, mubaya na muzuri. Hata kitu ya ajabu Waingereza wanaiita curious. Sasa huyu binti yako, iko mubaya ao muzuri?"

Baba alimtazama yule mtoto kitandani, akatoka, akarudi na chai na mkate kwa yule mama.

Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini haikuishia hapo. Majirani walinizunguka bombani: mume wa yule Mkongo alikufaje? Eti alikuwa mwasi? Yote niliyajua. Nilichota maji yangu nikaondoka, wakasema ninaringa. Sikujali.

Basi uliza, mwanangu, hata wakikufokea. Ila kabla hujafungua mdomo, jipime kama uko tayari kumsaidia mtu huyo akishakujibu. Kama unataka habari tu, mwache apumzike. Na alichokuambia kwa machozi, kisitoke kwako kwenda kuchekesha watu.

Mungu akulinde uendako, akujalie moyo mwepesi kwa wenye shida na kinywa kizito kwa siri zao.