Usaili wa Karanga

Kazi ile niliitaka mpaka nikawa naiota mchana. Kampuni ya umma ya biashara ya mazao, pale Tabora mjini, ilitafuta mtafiti wa takwimu: mtu wa kukadiria mavuno ya tumbaku, asali na karanga kabla malori hayajapelekwa vijijini. Nilikuwa na shahada ya hesabu, msichana pekee katika darasa letu. Kazi nyingine iliyonisubiri ilikuwa ya ualimu, mkoa wa mbali. Nikiipata hii ningebaki nyumbani, mtaa wa Chemchem, na mama, aliyenisomesha kwa kuuza karanga sokoni, na ambaye magoti yake sasa yalikuwa yamechoka.

Wasaili walikuwa watatu. Wawili walikaa kimya kama mahakimu. Wa tatu, mzee mfupi mwenye miwani, aliisoma fomu yangu akauliza, “Ndugu, wewe Mnyamwezi?” Nikasema ndiyo. “Mimi Mgogo,” akasema. Basi tukawa watani, kama yalivyo makabila yetu, na mimi nikajisahau.

Akaweka mezani kopo la maziwa ya unga lililojaa karanga. “Humu mna ngapi? Nitajie idadi ya chini na ya juu, kiasi kwamba katika makisio kumi ya namna hii utapatia tisa.”

Nusura nicheke. Mama alinifundisha kuhesabu kwa kopo kama hilo. Nikimaliza moja ananijazia jingine, na idadi haikulingana hata siku moja. “Kopo ni lile lile,” alikuwa akisema, “karanga si zile zile.” Mvua ikiwa nzuri zinanenepa, zinaingia chache.

“Mia tano hadi mia saba,” nikajibu.

“Mbona unajiachia uwanja wote huo? Babu zako walibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani, wewe kopo tu linakutoa jasho?”

“Na babu zako walikaa njiani wakidai hongo kila msafara ukipita. Leo mmeshuka hadi karanga?”

Hata wale wawili walitabasamu. Nikanogewa. “Haya, mia sita hadi mia sita na hamsini.”

“Bado unapapasa, mtani.”

“Mia sita na ishirini. Kamili.”

“Una hakika?”

“Mia kwa mia.”

Akazimwaga mezani. Tukazihesabu sote wanne, kumi kumi. Zilikuwa mia tano sitini na tatu.

Hakuna aliyecheka. “Jibu lako la kwanza lilikuwa sahihi,” mzee akasema taratibu. “Mimi nimekutania tu, sikukupa habari yoyote mpya kuhusu karanga hizi. Kesho mkubwa wako akikusukuma hivi, malori yetu yatakwenda wapi?”

Mdomo uliponza kichwa, wanasema, na wangu uliyaponza na magoti ya mama. Njia nzima nilimchukia mzee yule. Huo ulikuwa upumbavu wangu wa pili, maana alikuwa ameniambia kweli tupu.

Mama alikuwa mlangoni akipepeta karanga. Nikamwamkia.

“Marahaba. Wamekuuliza nini?”

Jibu lilikuwa pale pale, kwenye ungo wake. Niliona aibu. Ningemwambiaje kwamba nimeangushwa na karanga?

“Hesabu ngumu, mama. Mambo ya Ulaya. Hapa kwetu hakuna ambaye angenifundisha.”

Akauweka ungo chini. “Nisamehe, mwanangu,” akasema. “Mimi najua karanga tu.”

Nilikwenda kufundisha kule mbali, naye akabaki peke yake. Barua zake, zilizoandikwa kwa mkono wa jirani, zilirudia ombi lile: nimsamehe kwa kutojua kwake. Nilijibu kila moja. Nilimuuliza habari za mvua, za majirani, za magoti. Kwa miaka sita sikuandika neno moja juu ya lile kopo, kila mara nikijiambia nitamweleza nikienda likizo.

Alizikwa bila kujua kwamba swali lilikuwa lake, na kwamba jibu la kwanza, alilonipa yeye, ndilo lililokuwa sahihi.