Nyumba ya Makopo Isiyo na Paa

Mwaka mzima mmenikalia shingoni: andika habari za Rosa, andika. Mkono wenyewe wa jembe, kusoma nimesomea ngumbaru, ukubwani. Haya. Atakayecheka herufi zangu aandike yeye.

Rosa alikimbia vita kwao Msumbiji, akapanga chumba Mwembesongo kwa Bernadeta, Mluguru wa Matombo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Enzi za foleni hata kopo tupu lilikuwa mali. Sasa maduka yamejaa, watu wanatupa. Rosa akaokota. Makopo ya maziwa, vizibo vya soda, kandambili zilizokatika. Redio ikitaja vita vya kwao, hali chakula. Anakaa uani kukata bati mpaka giza liingie. Kijiji chao, kidogo cha makopo, kikaota pale nyuma ya nyumba: kisima, kanisa la msalaba wa misumari, kwa fundi cherehani.

Jirani yetu Nasibu hapiti bila kuchokoza.

"Rosa, mji wako hauna choo!"

"Kipo. Wewe ndiye hujaalikwa."

Nyumba moja tu hakuiezeka, ya mama yake. Siku ya kukimbia alimwacha mlangoni, mguu umevimba, na hakupata neno tena. Aliapa ataiezeka akisikia habari, ya heri au ya shari.

Jumapili moja Bernadeta, kabla ya misa, akanyunyiza unga wa mtama mbele ya kila kijumba. Kwao milimani kijumba cha namna ile ni cha mizimu, na mizimu isipopewa unga hukasirika. Alimwona mpangaji wake hana ndugu wa kumtambikia. Alitenda kwa wema.

Rosa akatoka, akauona unga kwenye nyumba isiyo na paa.

"Dada, umemzika mama yangu?"

"Mimi? Nimemzikia wapi?"

"Unga huu si wa wafu?"

"Ni wa wafu, ndiyo. Kwani hawa..." Bernadeta akashika kichwa. "Maria Mtakatifu! Wako hai?"

"Sijui! Ningejua ningeezeka!"

Misa ikampita Bernadeta. Alipiga magoti na kiuno chake kile kibovu, akafagia unga kwa unyoya wa kuku, chembe isibaki. Kisha akachukua vizibo vitatu, akavipanga mafiga mbele ya nyumba ya mama, akachomeka vijiti vya kuni.

"Mfu hawashi moto," akasema. "Huyu anapika."

"Anapika nini?"

"Kisamvu. Ukichelewa atakula peke yake."

Rosa akacheka, machozi yanamtoka.

Amani iliporudi kwao, akaaga. "Dada, usiiezeke mpaka nilete habari." Hajaleta. Masika ikija Bernadeta anaifunika kwa sufuria. Mvua ikikata anaifunua, maana sufuria si paa, asije mtu akasema ameezeka.

Basi ninyi mlionisumbua, mna watu wanaovuka Ruvuma kwenda kwao. Waulizieni Rosa, mwenye kovu la bati kidole gumba cha kushoto. Na mkija na jibu, msije mikono mitupu. Leteni kopo.