Fundi wa Pampu Anayesikiliza Chini ya Jombo

Saa sita mchana, jua limesimama utosini mwa Kikoneni, na kuku wa Wayua Mwangangi wameacha kuparua. Mbuzi amekaza kamba yake na kugeukia kilima. Wayua anaufunga mkono wa pampu kwa mnyororo asije mtu akaugusa, anapiga magoti juu ya saruji, kisha analaza sikio kwenye bomba la chuma.

Wanawake watatu waliokuja na ndoo wanasimama kando. Hakuna anayemhimiza.

"Linakuja," anasema Wayua, macho ameyafumba.

Ardhi inatetema. Si tetemeko la kubomoa nyumba. Ni kama lori lenye shehena linalopita jirani, ila hapa hakuna barabara ya lori. Maji ndani ya ndoo yanafanya mikunjo ya duara. Mkono wa pampu unapanda wenyewe mpaka mnyororo unaukatalia, unashuka, unatulia. Halafu kimya, kimya kile kinachomfanya mtu asikie pumzi zake mwenyewe.

Wayua anatazama saa yake ya mkononi, anaandika wakati kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa kisima, anafungua mnyororo.

"Haya, tekeni. Ya kwanza yamwageni, yatakuwa na uvuguvugu."

"Na tukiyanywa, Mama Mumo?" anauliza mmoja, bi harusi aliyeolewa hapa majuzi.

"Mimi nayanywa tangu mwezi wa sita," anajibu Wayua, "na bado mume wangu analalamika kwamba nasema sana."

Wanacheka, lakini ile ndoo ya kwanza wanaimwaga yote.

Wayua ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Makueni, akaja huku akiwa bi harusi, mumewe alipopata shamba kwenye ardhi ya makazi iliyogawiwa na serikali chini ya kilima cha Jombo. Mradi wa maji ulipofika Kwale miaka ya themanini, ukitafuta wanawake wa kufundishwa ufundi wa pampu za mkono, yeye aliinua mkono kabla hajaulizwa.

"Wanaume walikuja kutazama kama watu wanaotazama mbuzi akipanda baiskeli," anakumbuka. "Leo pampu ikikwama, hao hao ndio wanaokuja kunigongea."

Kijiji kinamlipa shilingi mia mbili kwa mwezi, na mahindi kidogo wakati wa mavuno. Kazi yake ni kuvuta mabomba, kubadilisha mpira uliokwisha na kusikiliza. Fundi wa pampu huwa anajua ugonjwa wa kisima kwa sauti kabla hajafungua nati hata moja.

Ndiyo maana yeye ndiye aliyesikia kwanza. Mvua zile kubwa zilipokatika mwaka huu wa 1998, alikuwa amelaza sikio kwenye bomba akitafuta mahali linapovuja. Akasikia kitu ambacho si maji.

"Kama mtu anayeburuta gunia la chumvi kwenye sakafu ya chumba cha chini. Nikainuka nikatazama huku na huku. Nikajiambia, Wayua, kisima hakina chumba cha chini."

Baada ya hapo ardhi ikaanza kutetema, siku mara moja, siku nyingine mara tatu, halafu wiki nzima hakuna kitu. Nyuki walihama mzinga wa jirani wakaacha asali yote. Maji yalianza kutoka na joto, yakinuka kama njiti ya kibiriti iliyozimwa sasa hivi.

Mwezi wa saba alipita bwana mmoja wa mambo ya madini, akasimamisha gari aombe maji. Alimweleza Wayua kwamba Jombo ni kisiki cha mlima wa moto, mlima mkubwa kuliko mtu anavyoweza kufikiri, ambao mvua za miaka na miaka zimeula mpaka ukabaki huo mzizi tu. Umezimika, alisema, tangu kabla hajawapo mtu wa kuuogopa.

"Nikamuuliza, aliyekufa anaburuta gunia?" anasema Wayua. "Hakunicheka. Alisema hawezi kuniambia ndiyo wala la, mashine zao ziko mbali na haya mambo madogo hayazifikii. Akasema mkiwa watu wawili, mahali mbalimbali, kila mmoja na saa yake, mnaweza kujua linatoka upande gani. Akanywa maji yake akaenda."

Mtu wa pili alipatikana upesi. Ni Mwanarusi Chande, mjane wa Kidigo, mtunza pampu wa kijiji kilicho nyuma ya Msambweni. Walifundishwa pamoja, na hadi leo hukutana asubuhi kwenye duka la vipuri Msambweni, mmoja akitafuta mpira, mwingine nati. Wakapatana kila mtu aandike wakati anaposikia, kisha wasomeane wakikutana.

Walichokiona kiliwakosesha usingizi wote wawili. Kwa Mwanarusi kishindo kilifika kwanza. Kwa Wayua kilifika karibu nusu saa baadaye. Kila mara, bila kukosa.

"Tukasema linatembea," anaeleza Mwanarusi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya taratibu. "Linatoka baharini, linapita kwangu chini kwa chini, linapanda kwake. Mimi likishanipita nakaa kitako namwombea shoga yangu. Nasema, ya Rabi, sasa liko njiani."

Kisha ikaja habari kubwa zaidi. Mwezi wa nane, ile nusu saa ilikuwa imepungua. Mwezi wa tisa ikapungua tena. Kitu kile, wakasema, kinazidi kuijua njia.

Hapo ndipo mambo ya ardhi yalipoingilia mambo ya nyumba.

Mume wa Wayua, Onesmus, alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani. Fujo za mwaka jana za kuwatimua watu wa bara zilipofukuza na watalii, naye akafukuzwa kazi. Majirani kadhaa waliotoka bara walifunga virago wakati ule. Yeye alitaka kuuza shamba warudi Makueni. Wayua alikataa, na sababu yake iko nyuma ya mkorosho: kaburi la Mumo, mtoto wao wa kwanza.

"Nilimwambia, Baba Mumo, watu hawakunitoa hapa. Lakini hili likiwa linakuja kwetu kweli, nitatoka bila ugomvi. Tukapeana mkono."

Kwa hiyo zile dakika hazikuwa mchezo wa wanawake wawili wenye saa. Kila zilipopungua, shamba lilikuwa linaondoka.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, ilibaki kama robo saa. Wayua alitimiza ahadi. Alikuja mnunuzi, Tembo, mfanyabiashara wa Lungalunga, akazunguka mipaka, akahesabu mikorosho, wakakubaliana. Onesmus alipanda juu ya nyumba akang'oa mabati yote, maana mabati hayakuwa sehemu ya mapatano. Majirani wakaja kutazama.

"Mwaka jana tuliambiwa na watu tuondoke," alisema mmoja wao, Kavumbi, mkulima wa mahindi. "Mwaka huu tunaambiwa na ardhi. Mwakani sijui ni nani atatutumia salamu."

Mwanarusi alikuja kuaga. Alifika na mkate wa sinia na chumvi ya kunyunyiza njiani ili safari iwe salama, akashinda hapo, wakafungafunga vyombo pamoja. Katika miaka yote ya urafiki wao walikuwa hawajawahi kukaa pamoja hadi jua kuzama.

Adhana ya magharibi ikasikika kutoka sokoni. Mwanarusi akavua saa yake, akavuta kile kifundo cha pembeni, akazungusha mishale mpaka saa kumi na mbili kamili, akaivaa tena.

"Saa yako imeharibika, Bi Mwanarusi?" Wayua akamuuliza.

"Haijaharibika. Nairudisha mahali pake. Jua limezama."

"Unairudisha lini na lini?"

"Kila siku, mwanangu. Wewe huirudishi?"

Wayua akatazama yake. Yeye huirekebisha kwa redio, inapopiga saa kabla ya habari. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo.

Msomaji wa bara huenda asijue kwamba wazee wengi wa pwani hushika saa namna hiyo. Jua likizama ni kumi na mbili, siku mpya imeingia, na saa ya mtu hufuata. Lakini jua halizami wakati ule ule mwaka mzima. Mwezi wa saba huzama karibu kumi na mbili na nusu ya redio, mwezi wa kumi na moja kama kumi na mbili na robo, na saa ya Mwanarusi ilikuwa nyuma kwa kiasi hicho hicho. Ile nusu saa iliyopungua ikawa robo haikuwa ya kitu kinachotembea ardhini. Ilikuwa ya jua.

"Saa ya baba yangu ilikuwa hivyo, na ya baba yake," anasema Mwanarusi, hana soni wala hana majuto. "Redio ni ya serikali. Jua ni la Mungu. Sasa mimi nifuate kipi?"

Hata hivyo alikubali, kwa kazi hii tu, kuvaa saa mbili: mkono wa kulia jua, wa kushoto redio. Wakakaa na nyumba isiyo na paa, wakangoja kishindo kije. Kilipokuja, na kingine, na kingine, wakasomeana dukani Msambweni, mbele ya muuza nati aliyekuwa amekwisha kuchoka nao.

Wakati ulikuwa mmoja. Kwa Mwanarusi na kwa Wayua, kishindo kilifika pale pale.

"Basi halitembei," Mwanarusi akasema.

"Halitembei," akajibu Wayua.

Wakatazamana. Aliyelitamka lile linalofuata ni Mwanarusi: "Basi liko chini yetu sote."

Onesmus alipoambiwa, alikaa juu ya rundo la mabati yake. "Lile la kutembea lilikuwa afadhali," alisema. "Lilikuwa na mahali linakokwenda."

Lakini mkono ni mkono, na mapatano yao yalihusu kitu kinachokuja kwao. Hiki hakiji. Wayua alikwenda Lungalunga mwenyewe kumwambia Tembo kwamba shamba haliuzwi.

"Kumbe mnaninyima shamba kwa sababu ya adhana," Tembo alimwambia.

"Ya adhana na redio," akajibu Wayua. "Lawama wagawane."

Tembo mwenyewe husimulia kisa hicho, na anakiri kwamba alipofika nyumbani alishukuru. Siku ile ya kuzunguka mipaka, anasema, alisimama karibu na mkorosho akahisi miguu inawaka moto kupitia viatu. Hakumwambia mtu.

Hofu ya Wayua haijapungua. Anasema anaogopa kwa namna nyingine. "Lile la kwanza nililipangia safari. Hili halina safari. Liko tu. Wakati mwingine nikilaza sikio halisemi kitu, na hapo ndipo nywele zinanisimama, maana najua nami linanisikiliza."

Mpango wake sasa ni kupata msikilizaji wa tatu, upande wa pili wa Jombo, mwenye saa ya redio. Amekwisha kuzungumza na mama mmoja wa huko, Everline, ambaye pampu yake nayo imeanza kutoa maji ya uvuguvugu. Anatumaini yule bwana wa madini atapita tena akakuta kitu cha kusoma.

Na nyumba inaezekwa upya. Onesmus ameyauza mabati huko Ukunda, kwa mapenzi ya mkewe. Makuti yamepangwa uani, mabichi bado, yakinukia, na Wayua anayashona mwenyewe akiwa hana kazi ya pampu. Kuta za matofali zimeshushwa mpaka kiunoni, juu yake ni fito na udongo mwembamba.

"Mimi nakaa hapa na mwanangu," anasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kuti. "Likitaka kuamka na liamke. Litatukuta tumelala chini ya kitu chepesi."